Kutoka Kibanga hadi Nyarugusu: kitabu na mimbari kando ya Tanganyika

Mwaka 1883 Mapadri Weupe walijenga kituo Kibanga, kwenye Ghuba ya Burton ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Fizi, mashariki mwa Kongo. Walikiita Lavigerieville, kwa heshima ya kardinali aliyeanzisha shirika lao. Humo watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kusoma na kusali kwa Kiswahili, lugha ya misafara, maana walitoka makabila mbalimbali. Kituo hakikudumu. Baada ya miaka kama 10 maradhi ya pwani ile yaliwashinda wamisionari, wakahama.

Ila mtindo wa kazi uliendelea ziwani kote: anayefundisha herufi siku za juma ndiye anayesimama mbele ya watu Jumapili. Katekista wa kijiji hakuwa na saa ya masomo na saa nyingine ya mahubiri. Alilima, akafundisha, akatembelea wagonjwa, na jioni akafungua kitabu kile kile.

Kusini ya Fizi, upande huo huo wa ziwa, ndiko alikotoka Stefano Kaoze, Mtabwa wa Marungu aliyelelewa na misheni ya Mpala. Katika seminari alisoma Kilatini, falsafa na teolojia, na mwaka 1910, akiwa bado mwanafunzi, makala yake kuhusu saikolojia ya Wabantu ilianza kuchapishwa kwa Kifaransa. Alipewa upadri mwaka 1917 huko Baudouinville, ambayo sasa ni Moba, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa zama za ukoloni. Katika makala ile alichunguza jinsi watu wake wenyewe wanavyofikiri. Mhubiri anayeanzia hapo hajapoteza muda wake wa kusoma, kwa sababu watu hao hao ndio atakaowakuta kanisani.

Kuanzia miaka ya 1920 Wapentekoste wa Norwei na Uswidi walifika Kivu. Makanisa yaliyozaliwa na kazi yao leo ni CELPA, jumuiya ya 5, na CEPAC, jumuiya ya 8, kati ya jumuiya za Kiprotestanti za Kongo. CEPAC ndiyo iliyoanzisha Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika, UEA, mjini Bukavu mwaka 1991, chenye kitivo cha teolojia. Lakini Bukavu si jirani. Mchungaji wa Baraka, wilayani Fizi, hupita Uvira kwanza, kwa barabara ambayo mvua na bunduki zimeifunga mara nyingi, na kundi lake linabaki likimngoja.

Kisha kuna lugha, na hapa ndipo mzigo wa mchungaji ulipo hasa. Mchungaji husoma Waraka kwa Warumi kwa Kifaransa cha darasani, huhubiri kwa Kiswahili, na mama mzee wa benchi la mbele husikia vizuri zaidi Kibembe, lugha ya kwao. Maneno "kuhesabiwa haki" humfikia mtu anayeijua haki kwa kesi ya shamba mbele ya chifu. Kumtoa kwenye kesi ile na kumfikisha kwa Paulo ni kazi ya kitaaluma kamili, hata kama hakuna profesa wa kuitolea alama.

Vita vya 1996 vilivusha maelfu ya watu wa Fizi hadi Kigoma, Tanzania, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo. Shule za Wakongomani kambini zilifuata mtaala wa Kongo, na makanisa yakaota kati ya vibanda. Mwaka 2005 meli za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zilianza kuwarudisha watu Baraka. Waliorudi walikuta makanisa ya kujenga upya na watu wengi wa kuwafariji, kazi isiyomwachia mchungaji hata usiku mmoja wa kusoma.

Waumini wa Fizi na Baraka humchangia mchungaji mihogo, samaki na nauli ya harusi au msiba. Wamwongezee mambo mawili: taa ya sola ya kusomea, na siku moja katika juma ambayo hakuna atakayembishia hodi mpaka jua lizame, isipokuwa kuna mgonjwa au maiti.