Gunia la Pombe

Nyanya yangu hakuhitaji mtu amwambie kama busaa yake imeharibika. Aliinama juu ya chungu, akasikiliza. Povu likiwa linapanda na kutoa sauti kama mvua nyepesi kwenye majani, sawa. Kisha alinusa, akachovya kidole, akaonja. Uchachu wa maziwa lala ulimfurahisha. Uchachu wa siki ulimfanya amwage chungu chote nyuma ya boma, hata kama matanga ni kesho. Huko Rongo, Migori, watu walimwamini kwa sababu waliona alivyomwaga.

Wengi wetu wa mtaani tumeikuta busaa kwenye kikombe tu, kwa hivyo tuanze jikoni. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukaachwa siku kadhaa uchache. Halafu hukaangwa juu ya bati mpaka uwe wa kahawia. Hutiwa maji tena pamoja na kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Baada ya siku chache huchujwa, watu wakanywa. Moto huua vijidudu vingi, na asidi ya ule uchachu huzuia vingine visiongezeke. Harufu ya siki ni dalili kwamba bakteria wengine, wanaopenda hewa, wameanza kuigeuza pombe. Kumbe pua ya Dana, ndivyo tulivyomwita, ilikuwa inafanya kazi ya maabara.

Na hakuhukumu peke yake. Wazee wa Kijaluo walikaa wakizunguka chungu kimoja, kila mtu na oseke, ule mrija mrefu wa kunywea. Mwenye pombe alionja kwanza. Aliyepika alijulikana kwa jina, boma na ukoo. Pombe ikimdhuru mmoja, hakuna wa kujificha.

Mduara huo ulipungua pole pole. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na waliowafuata wakaachana na pombe kabisa. Serikali ya kikoloni ikaleta vibali na faini. Baada ya uhuru, mwaka 1980, ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Ilidumu hadi 2010, ilipofutwa na ile tunayoiita Sheria ya Mututho. Miaka 30 hiyo chang'aa haikuisha, ilijificha tu. Ilipikwa kando ya mito, ikanywewa haraka haraka kwa mama pima. Sasa utamuuliza nani alichoweka ndani, na polisi wako njiani?

Kwenye kinywaji kikali, pua hushindwa. Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walibaki vipofu. Mnywaji hawezi kuitofautisha methanoli na pombe ya kawaida kwa harufu wala ladha. Kuna wasee ambao mpaka leo huwasha kiberiti: moto ukiwa wa samawati, ati ni safi. Methanoli nayo huwaka samawati.

Kwa muda mrefu nilijiambia hayo ni mambo ya chang'aa, busaa ya nyanya haimo. Halafu nikasoma kuhusu Chitima, Msumbiji. Januari 2015 watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya matangani. Huko nako huiita pombe. Mwanamke aliyeipika alikufa pia. Uvumi wa kwanza ulikuwa kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kitu kingine: sumu inayoitwa asidi ya bongkreki, iliyotengenezwa na bakteria. Unga uliotumika ulikuwa umeharibiwa na mafuriko. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na moto hauiondoi.

Hata hapa kwetu tulikuwa tumeonywa. Mwaka 2004, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi, wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 wakafa kwa sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu wa mahindi. Waliua ugali, si pombe. Lakini mahindi ni yale yale, na kukaanga hakumalizi sumukuvu.

Hapo ndipo nilipokumbuka magunia mawili ya Dana. Kila mavuno alichambua mahindi chini ya mwembe. Meupe na mazima yalienda kwenye gunia la ugali. Yaliyonyeshewa, yenye madoa ya kijani, hakuyatupa. Njaa aliijua. Aliyatia kwenye gunia la pili, na gunia hilo liliitwa la pombe.

Sijui mtu aliyeugua kwa pombe yake, na sumukuvu kidogo kidogo haipigi kelele. Inadhuru ini kwa miaka. Dana alikuwa hakimu mzuri wa chungu, ila kesi ilikuwa imeshaamuliwa pale mwembeni.

Mwaka jana tulikuwa na matanga ya jamaa yetu Homa Bay. Mama mmoja akanipa kikombe cha busaa. Nilinusa, ilikuwa sawa kabisa. Nikamuuliza, "Mama, mahindi yalitoka gunia gani?"

Alinitazama kidogo, akacheka. "Wewe ni wa Rongo," akasema. Akanishika mkono, tukaenda nyuma ya jikoni, akafungua gunia.