Siku ya Mwaka: kuoga, kupika na kuhesabu hapa Maskati

Sisi tuliokulia Unguja tuna mianzo mitatu ya mwaka. Upo wa Muharram. Upo wa mosi Januari, ambao masista wa shule yetu ya misheni walitugawia peremende. Na upo wa tatu, Siku ya Mwaka, wengine huiita Nairuzi. Naandika juu ya huu wa tatu kwa sababu unatoweka katika nyumba zetu za Ghuba, na kwa sababu mimi mwenyewe niliupoteza.

Neno Nairuzi limetoka Uajemi, maana yake siku mpya. Mabaharia walihesabia kwayo misimu ya safari. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, alitaja siku za kusafiri kwa kuhesabu tangu Nairuzi. Wakulima na wavuvi wa pwani yetu nao waliifuata. Mwaka una miongo 36, kila mwongo siku kumi, kisha siku tano za nyongeza: jumla 365. Siku ya mwisho ni kibunzi. Alfajiri inayofuata watu hushuka baharini kuoga mwaka.

Sherehe inayojulikana zaidi ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mapande ya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake huimba, kisha watu hula pamoja. Nyumba isiyopata mgeni siku hiyo hujiona imepungukiwa.

Hapa Maskati hesabu yetu alikuwa nayo marehemu dada yangu. Aliweka kokwa 36 za tende katika kopo la maziwa ya unga, na kila siku ya kumi akihamishia kokwa moja kopo la pili. Alipofariki, makopo yalikwenda na takataka nyumba ilipokuwa ikisafishwa. Mimi, karani mstaafu, sikuona shida. Katika daftari langu ilikuwamo tarehe tuliyooga mwaka Julai 1972, mwaka niliofika hapa. Julai 2024 nikaitumia tarehe ile ile, nikapika, nikaalika watu. Jioni nikampigia simu jamaa yetu wa Makunduchi kumtakia mwaka mwema. Akacheka. Wao walikwishaoga karibu wiki mbili nyuma.

Kosa langu ni hili. Miongo haina siku ya ziada, lakini kalenda ya Miladi huongeza siku moja Februari kila baada ya miaka minne. Kati ya Julai 1972 na Julai 2024 zimepita Februari 13 zenye siku 29. Basi Siku ya Mwaka imerudi nyuma siku 13. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Somo la mwaka mrefu masista walinifundisha vizuri, na mtihani nilipasi. Kwa hiyo usitegemee tarehe moja ya vitabu vya watalii. Waulize wazee wa Makunduchi, andika, na kila ipitapo Februari ya siku 29 rudisha siku moja.

Julai ya Maskati haina kipupwe. Sisi huenda ufukwe wa Qurum kabla ya jua kuchomoza, na hata saa hiyo bahari ni vuguvugu kama maji ya kumkoshea mtoto. Tukitoka majini tunakula mandazi na mbaazi za nazi pale pale mchangani.

Mbaazi loweka usiku wa kibunzi. Zichemshe mpaka zilainike, tia kitunguu, pilipili, chumvi na tui jepesi. Likikauka, tia tui zito na ukoroge polepole bila kufunika, lisikatike. Tui la kopo linafaa, siwezi kukataa, ila nyumbani kwetu siku hiyo nazi hukunwa kwa mbuzi aliyekuja na dada sandukuni. Mchana ni wali wa nazi, mhogo, na nguru wa kupaka kutoka soko la Matrah. Nguru, ambaye wenyeji humwita kanadi, Julai bado yupo. Kumvua hupigwa marufuku kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba. Wangeliishi hapa na sheria hii ikawapo, babu zetu wangeoga mwaka bila nguru.

Mgeni wetu mwaka uliofuata, safari hii kwa tarehe sahihi, alikuwa jirani, mzee wa Sur. Alileta haluwa na birika la kahawa yenye iliki. Nilipomweleza miongo, akasema babu yake, aliyekuwa nahodha, naye alihesabu Nairuzi.

Tende za siku ile tulizila kwa makusudi, kokwa zikaoshwa. Mjukuu wangu wa miaka tisa ndiye anayezihamisha sasa. Jana alihamisha ya 11.