Kamukunji ya Akina Mama: Nairobi, Julai 1985

Mtajie mtu wa mjini haki za wanawake, naye atakujibu kwa neno moja tu: Beijing. Neno lenyewe lilishaingia mitaani likakaa. Mke akigoma kuosha vyombo peke yake, "huyo ni wa Beijing". Binti akimjibu mjomba wake, "Beijing imemharibu". Basi ungedhani mambo yote yalianzia China mwaka 1995. Lakini miaka kumi kabla ya hapo, mwezi wa Julai 1985, wanawake wa dunia nzima walikuja Nairobi. Walilala katika vyumba vya wanafunzi wetu na kukaa kwenye nyasi zetu, na mwisho wake wakatoa azimio lililobeba jina la mji huu. Wachina wanaitwa kila siku mtaani, sisi wenyewe tumejisahau. Ajabu kweli.

Kwa wasiojua, au waliokuwa bado hawajazaliwa, nieleze kidogo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetenga miaka kumi, 1976 hadi 1985, kuwa Muongo wa Wanawake, wenye shabaha tatu: usawa, maendeleo na amani. Mkutano wa kufungua ulifanyika Mexico City mwaka 1975, wa katikati Copenhagen mwaka 1980, na wa kufunga hesabu ukaja kwetu. Kusema kweli ilikuwa mikutano miwili. Mmoja ulikuwa wa serikali, katika jumba la KICC, kuanzia tarehe 15 hadi 26 Julai. Nchi 157 zilituma wajumbe. Rais Moi aliufungua, na Margaret Kenyatta, binti wa Mzee na meya wa zamani wa Nairobi, akachaguliwa kuukalia kiti. Wa pili uliitwa Forum '85, ulianza siku tano mapema, tarehe 10, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Huo ulikuwa wa vyama, makundi, na mtu yeyote aliyekuwa na nauli na jambo la kusema. Walikuja watu wapatao 14,000.

Mimi naona mkutano wenyewe, ule wa kukumbukwa, ulikuwa huo wa pili. Wa KICC ulikuwa wa makaratasi, na makaratasi nitayafikia.

Pale chuoni mambo yalikuwa tofauti. Mwenyekiti wa matayarisho alikuwa Nita Barrow, muuguzi kutoka Barbados ambaye baadaye alikuja kuwa Gavana Mkuu wa nchi yake, na upande wa Kenya kamati iliongozwa na Dakta Eddah Gachukia. Madarasa yalijaa mijadala kuanzia asubuhi, na yalipofurika watu walitoka wakakaa kwenye nyasi. Betty Friedan, yule Mmarekani aliyewachokoza mama wa nyumbani wa kwao kwa kitabu mwaka 1963, alichagua mti, akaketi chini yake, na mtu yeyote aliyetaka kubishana naye alikuja. Angela Davis naye alikuwapo. Lilisimamishwa Hema la Amani, ambamo Mpalestina na Mwisraeli waliweza kukaa uso kwa uso, na Mmarekani na Mrusi vilevile, wakati ambapo serikali zao zilielekezeana makombora. Sisi tulio wa mjini tunajua neno la mkusanyiko wa namna hiyo, usio na itifaki, ambao kila mwenye koo anasikika: kamukunji.

Lakini hebu simama kidogo hapo kwenye nyasi, maana ardhi ile ina mambo.

Upande mmoja wa chuo umepakana na barabara ya Harry Thuku. Ng'ambo yake ni hoteli ya Norfolk, na kwenye kona ni kituo kikuu cha polisi. Ni hapo, tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe. Wazee waliingia kuzungumza na serikali ya mkoloni, wakatoka na kuwaambia watu watawanyike. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, hakukubali. Aliinua nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume kama wameogopa basi wavae yeye nguo yake, na wampe yeye suruali zao. Kwa Wakikuyu, mwanamke mzima kujifunua hivyo mbele ya wanaume ni tusi, na ni laana pia. Umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa Norfolk nao wakapiga zao. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21. Waafrika walihesabu zaidi.

Na si hiyo tu. Tarehe 10 Februari 1985, miezi mitano tu kabla ya Forum, wanafunzi wa chuo hichohicho walikusanyika uwanjani kwa maombi baada ya wenzao kufukuzwa. Polisi wa kutuliza ghasia waliwavamia kwa marungu, chuo kikafungwa. Kwa hiyo wageni wa Julai waliwekwa katika mabweni ambayo wenyewe walikuwa wameyahama kwa machozi. Serikali ile ile iliyowapiga vijana kwa kukutana bila ruhusa, sasa ilikuwa inatabasamu mbele ya kamera za dunia kwa sababu watu 14,000 walikuwa wanakutana mahali palepale. Bila shaka Nairobi ilipigwa deki. Mgeni akija hufagiliwa, hata kama mtoto wa nyumba hiyo amelala njaa.

Sasa makaratasi. KICC ilikuwa na kazi ngumu, maana mikutano miwili ya kwanza ilikuwa imekwama kwenye siasa za wanaume. Copenhagen iliishia kwa kura, Marekani na wenzake wachache wakikataa, na kiini cha ugomvi kilikuwa neno moja: Uzayuni, kuwekwa kwenye orodha moja na ubaguzi wa rangi. Nairobi ugomvi ukafufuka. Wamarekani, wakiongozwa na Maureen Reagan, binti wa rais wao, walikuwa wamesema wazi kwamba neno hilo likibaki hawatakubali. Waliopata njia walikuwa Wakenya: neno likaondolewa, mahali pake pakaandikwa aina nyingine zote za ubaguzi wa rangi, na kila mtu akaelewa anavyotaka. Kikao cha mwisho kilivuka saa sita za usiku. Azimio likapita bila kupigiwa kura. Kulipokucha tarehe 27 Julai, jirani zetu Uganda jeshi lilikuwa limempindua Obote, na magazeti yakapata habari nyingine ya kuandika.

Azimio hilo, Mikakati ya Nairobi, lina aya 372, na lilikusudiwa kutekelezwa hadi mwaka 2000. Sitawadanganya kwamba ni kisomo cha kusisimua. Lakini ndani yake kuna mambo ambayo kabla ya hapo hayakuwa yakisemwa kwa sauti katika kumbi za serikali: kwamba kipigo cha nyumbani si siri ya ndani, ni jambo la dola. Kumbuka hapa Kenya wabunge walikuwa wameutupa mswada wa ndoa mwaka 1979, baadhi yao wakilalamika kwamba ungemnyima mume haki ya kumtia mke adabu kwa kiboko. Na ipo aya ya 120, ambayo ningekuwa mchoraji ningeiandika ubavuni mwa kila matatu. Inasema kazi ya wanawake isiyolipwa itambuliwe, ipimwe, na iingizwe katika hesabu za uchumi wa taifa. Maji, kuni, uji wa mtoto, kumwogesha mzee mgonjwa. Kenya ilikuja kufanya utafiti wake wa kitaifa wa matumizi ya muda mwaka 2021, miaka 36 baada ya kuwa mwenyeji wa aya hiyo. Ikaonekana wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwa kazi zisizolipwa. Mama yako angekuambia hivyo bila kalamu.

Kilichozaa matunda haraka hakikuwa aya, kilikuwa watu kujuana. Mwaka huohuo wa 1985 mawakili wanawake walianzisha FIDA ya Kenya, ambayo imewatetea mahakamani wanawake wasio na pesa za wakili. Waganda waliorudi kutoka Nairobi na kukuta nchi ina watawala wapya hawakungoja watulie: kabla ya mwaka kwisha walishaunda ACFODE. FEMNET, mtandao wa Afrika nzima, ulizaliwa 1988 na makao yake yakawa Nairobi. Kwa upande wa Tanzania, waandishi wa habari wanawake walisajili TAMWA mwaka 1987, na mwaka uliofuata wakatoa jarida, Sauti ya Siti, kwa jina la Siti binti Saad. Sisemi Nairobi ndiyo iliyolizaa jarida hilo, maana wenyewe walikuwa wameanza kuongea tangu miaka ya sabini. Nasema upepo ulikuwa mmoja. Na sisi tunaohangaika na vijarida vya kurasa chache tujue kwamba wengine walihangaika kabla yetu, tena wakiwa na jambo zito kuliko mashairi ya mapenzi. Hata huyo Mama Gertrude Mongella aliyesimamia Beijing kama katibu mkuu ni Mtanzania.

Wangari Maathai wakati huo aliongoza Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Aliwachukua wageni wa Forum akawapeleka nje ya jiji wakaone vitalu vya miche ya Green Belt, vya wanawake wa vijijini wasio na shahada. Kutokana na safari hizo, mwaka 1986 watu wa nchi nyingine za Afrika walianza kuja kujifunza. Huyu mama ndiye anayenifanya niseme kwamba wenyeji wa mkutano hawakuusikiliza mkutano wao wenyewe. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake, chama kikubwa kuliko vyote, kiliunganishwa na KANU. Mwaka 1989 Wangari alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, wabunge walimtukana bungeni, na akaambiwa mwanamke mwema wa Kiafrika huheshimu wanaume. Mwezi wa Julai 1991, miaka sita baada ya Forum, wavulana wa shule ya St. Kizito kule Meru walivamia bweni la wasichana usiku. Wasichana 19 walikufa, na zaidi ya 70 walibakwa. Nchi ilikuwa na azimio lenye jina la mji wake mkuu. Bweni lile halikuwa na wa kulilinda.

Halafu ikaja 1992. Tarehe 28 Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wakongwe kutoka mashambani, Wangari akiwa nao, waliketi katika kona ya Uhuru Park na kukataa kula mpaka wana wao waachiliwe. Kutoka hapo hadi nyasi za chuo ni mwendo wa miguu, huhitaji hata matatu. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na gesi na marungu. Wangari alipigwa hadi akazirai. Na baadhi ya wale akina mama walifanya kile alichofanya Nyanjiru miaka 70 nyuma: walivua nguo, wakawageukia askari ambao ni rika la watoto wao. Hakuna semina iliyowafundisha hilo, wala hakuna aya. Walihamia kanisa la All Saints wakakaa mwaka mzima, na kufikia mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote 52 waliowalilia walikuwa nje.

Ndiyo maana mtu akiniuliza urithi wa 1985 uko wapi, siwezi kumwonyesha bunge. Katiba ya 2010 ilisema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti. Jaji Mkuu Maraga, Septemba 2020, alimshauri rais alivunje bunge kwa kushindwa kuitungia sheria kanuni hiyo. Bunge likamaliza muda wake kwa raha zake. Katika lugha ya Mikakati ya Nairobi hiyo inaitwa ukosefu wa nia ya kisiasa. Katika lugha ya stejini inaitwa dharau.

Na tukigusa lugha: mkutano ule uliendeshwa kwa lugha za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Wanawake wa Kenya walikuwa wengi pale chuoni, na wengine walikuwa na Kiswahili na lugha ya mama tu. Wakimbizi wa mambo ya Friedan na Davis tunao wengi, vitabu vya Kiingereza vimeandikwa. Lakini yupo dada aliyekuwa na miaka 25 mwezi ule, ambaye mwaka 2025 alitimiza 65. Labda alikuja kwa basi la usiku na kikundi chake cha akiba, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, na jirani yake akamnong'onezea tafsiri. Labda alikuwa ndiye aliyepika, au aliyetandika vitanda mabwenini. Alielewa nini? Alicheka wapi? Aliporudi nyumbani alimwambia nini mumewe, na mume akajibuje? Yeye huyo yuko Kariobangi, yuko Kawangware, yuko kwa shangazi yako, na bado anakumbuka.