Historia ya mawindo ya Wajerumani milimani Virunga

Milima ya Virunga, inayoonekana kutoka mtaa wa Himbi mjini Goma, ilikuwa mahali pa mawindo ya Batwa zamani sana kabla ya Mzungu kufika. Mwaka 1894 afisa wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, alivuka Rwanda, akapanda mlima Nyiragongo na kufika Ziwa Kivu. Baada yake wakaja wenye bunduki. Kwao Ujerumani, watawala walijenga kasri za mawindo ndani ya misitu, kama ile ya Grunewald, Berlin, iliyojengwa mwaka 1542. Lakini Virunga Wajerumani walikuja na mahema na wapagazi, wakarudi na ngozi na mifupa.

Tarehe 17 Oktoba 1902, kapteni Robert von Beringe alikuwa akipanda mlima Sabinyo alipowapiga risasi ngagi (gorila) wawili. Mmoja aliopolewa korongoni, mifupa yake ikapelekwa Berlin, na mwaka 1903 mtaalamu Paul Matschie akamtangaza kuwa mnyama mpya, Gorilla beringei. Mnyama akapewa jina la aliyemuua. Wenyeji waliomjua vizazi na vizazi hawakukumbukwa. Mwaka 1907 hadi 1908 ukafuata msafara wa Adolf Friedrich, mwana wa watawala wa Mecklenburg. Huo ulikusanya wanyama, mimea na, jambo la kusikitisha zaidi, mafuvu ya watu zaidi ya elfu moja.

Mapatano ya mpaka ya mwaka 1910 yaliiacha Nyiragongo na Mikeno upande wa Kongo ya Wabelgiji, na Goma ikakua kama kituo chao kilichotazamana na Gisenyi ya Wajerumani. Mwaka 1916 Wajerumani walifukuzwa Rwanda, lakini bunduki hazikunyamaza: mwaka 1921 msafara wa mwana mfalme Wilhelm wa Sweden uliua ngagi 14.

Mwaka huohuo alifika Carl Akeley wa jumba la makumbusho la New York. Naye aliwaua ngagi kwa ajili ya maonyesho, kisha akamsihi Mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde waliobaki. Tarehe 21 Aprili 1925 ikaanzishwa Mbuga ya Albert, ya kwanza ya taifa barani Afrika. Akeley alifariki mwaka 1926 na kuzikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Mbuga ilipopanuliwa, wakulima na wafugaji walipoteza ardhi, na madai yao hayajaisha hadi leo.

Mbuga ilianza kuitwa Virunga mwaka 1969. UNESCO iliiandika mbuga kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, na kuanzia 1994 ikaitia katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Ngagi wa safu yote ya Virunga, waliokuwa 254 mwaka 1981, walifikia 604 katika hesabu ya 2015 na 2016.