Dawa au Kileo? Swali la Kijana wa Duarani



Wapendwa waamini, Kwaresima iliyopita alitujia ofisini kijana mmoja mchimbaji mdogo, akatoa mfukoni chupa ndogo bapa na kuiweka mezani. Juu ya karatasi yake palichorwa mizizi na majani, pamoja na maneno ya kuahidi nguvu za mwili na afya ya tumbo. "Padre," akasema, "kabla ya kushuka duarani kila mmoja wetu hunywa hii. Mgongo hauumi, na hofu inaondoka. Sasa nieleze: ni dawa au ni pombe? Kama ni dawa, kwa nini mnatukemea kanisani? Na kama ni pombe, mbona nasikia hata watawa wa Ulaya wanaitengeneza?"

Siku ile hatukumjibu kama alivyostahili. Swali lake lina historia ndefu, na Kanisa limo ndani yake.

Kuchanganya uchungu wa mmea na kileo ni jambo la kale. Mwinjili Marko anatueleza kwamba pale Golgota walimpa Bwana divai iliyotiwa manemane, naye hakuipokea. Wafafanuzi wengi wanaona humo desturi ya kuwapunguzia maumivu waliohukumiwa kufa. Yoshua bin Sira naye anasifu dawa zitokazo ardhini, na divai inywewayo kwa kiasi. Hata sisi tumelelewa tukijua kwamba dawa ni chungu. Nani kati yetu hakulazimishwa na bibi yake kunywa maji ya mwarobaini?

Pombe kali ilikuja baadaye, watu walipojifunza kuichemsha pombe, kuunasa mvuke wake na kuupoza hadi uwe majimaji tena. Waganga wa Ulaya ya Zama za Kati waliipa jina la Kilatini lenye maana ya "maji ya uzima". Jina hilo, tukiri, linatutatiza kidogo sisi tunaobatiza. Lakini walikuwa na sababu: pombe kali huvuta kutoka katika mizizi na magome mambo ambayo maji matupu hayavuti, tena haiozi. Basi monasteri, zilizokuwa na bustani za mitishamba na wagonjwa wa kuhudumia, zikawa na maduka ya dawa.

Mfano mashuhuri ni Wakartusi, wana wa Mtakatifu Bruno, aliyeanzisha maisha yao ya upweke mwaka 1084 katika milima ya Chartreuse, Ufaransa. Mwaka 1605 walikabidhiwa hati yenye maelezo ya dawa ya mitishamba. Ilikuwa ngumu kueleweka, hata ikawachukua zaidi ya miaka 130: mwaka 1737 ndipo Bruda Jérôme Maubec alipokamilisha namna ya kuitengeneza, kwa mimea ipatayo 130. Bruda mwingine aliibeba kwa nyumbu hadi masoko ya Grenoble na Chambéry. Ina kileo cha asilimia 69, nayo ilitumiwa kwa matone juu ya kipande cha sukari. Tafadhali mlishike neno hilo: matone.

Nje ya monasteri mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1824 daktari Mjerumani, Johann Siegert, aliyehudumu katika jeshi la Simón Bolívar huko Venezuela, alitengeneza dawa chungu ya tumbo katika mji wa Angostura. Wanawe waliihamishia kisiwa cha Trinidad mwaka 1875, na mpaka leo inauzwa, ila mabaharia na wenye baa waligundua kwamba matone yake huipendeza glasi. Tayari mwaka 1806 gazeti moja la Hudson, New York, lilikuwa limeeleza kokteli kuwa pombe kali, sukari, maji na kileo kichungu. Nao Wakartusi walilainisha dawa yao kwa ajili ya wanywaji wa mezani. Hivyo dawa ilihama kutoka kabati la mgonjwa hadi kaunta, na hatuwezi kusema kwamba watawa walisimama kando wakitazama.

Kwetu pombe kali ilifika kwa njia nyingine. Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi mwaka 1883. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alipigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulioipinga biashara hiyo ulizuia pia uenezaji wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini uliacha mlango wazi kwa wasio wenyeji. Hapo ndipo sheria ilipoharibika, kwa maoni yetu: kilichoitwa sumu kwa Mwafrika kilikuwa kiburudisho cha jioni kwa Mzungu. Watu waliliona hilo, na gongo ikachemshwa vichakani.

Baada ya Uhuru kilichobadilika zaidi ni kipimo. Pombe kali iliwekwa katika vifuko vya plastiki, viroba, ambavyo mchimbaji angeweza kuvinunua kwa fedha kidogo na kuvificha kiganjani. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Chupa ndogo zikachukua nafasi yake, nyingine zikiwa na picha za mizizi.

Kijana wetu aliporudi tulimsomea asilimia iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi: ilizidi 30. Tukamwambia kwamba mitishamba inaweza kuwa ya kweli, na kileo pia ni cha kweli. Na kwamba hofu inayoondoka kinywani mwa duara ndiyo inayomfanya mtu akague magogo na kamba kabla ya kushuka. Tukamweleza pia kuhusu Wakartusi, ambao mwaka 2023 ilijulikana kwamba wamekataa kuongeza uzalishaji, ingawa dunia iliwaomba chupa zaidi, ili kazi isiwanyang'anye muda wa sala.

Akacheka. "Padre, mwenye duara wetu hawezi kukubali hiyo."

Aliiacha chupa. Imo kabatini ofisini, imebaki nusu.