Kamba inayotoa taarifa kabla ya kukatika

Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo Geita, mtu hushushwa kwa kamba na winchi ya mkono. Bulyanhulu, kule Kahama, mashine hupandisha mzigo kutoka kina cha zaidi ya kilomita moja. Swali ni moja tu: nani kaikagua kamba leo?

Kabla ya 1834, migodi ya milima ya Harz, Ujerumani, ilitegemea minyororo. Shida yake unaijua: pete moja ikichoka, kwisha habari. Ofisa wa migodi, Wilhelm Albert, aliipakia na kuipakua maelfu ya mara, akaona chuma huchoka hata kwa mzigo wa kawaida ukirudiwarudiwa. Akasokota nyaya: misokoto mitatu, kila mmoja nyaya nne. Waya mmoja ukikatika, nyingine zinashika, na mara nyingi ncha yake inachomoza.

Basi ukaguzi ukawezekana. Winchi ikiwa imesimama, pitisha kitambaa kwenye kamba; kikinasa, kuna waya umekatika. Hesabu, pima unene, tafuta kutu. Zikizidi kiwango, kamba inatupwa.

Kamba ya katani haina ncha za kuchomoza. Huoza kwa ndani, kwa hiyo fungua misokoto uangalie katikati kabla mtu hajaning'inia.