Klachi, Unyevu na Gesi: Historia ya Baridi Isiyotulia Garini

Packard, kampuni ya magari ya Detroit, ilipotangaza mwaka 1939 gari lenye kiyoyozi, mtambo huo haukuwa na namna ya kuzimwa peke yake: kompresa, yaani pampu inayoshindilia gesi ya kupozea, iliungwa na injini kwa mkanda na kuzunguka nayo wakati wote, kiasi kwamba mwenye gari asiyehitaji baridi alilazimika kuzima injini, kufungua boneti na kuuvua mkanda kwa mkono.

Dawa ya usumbufu huo ilikuwa klachi ya sumaku, iliyoenea katika miaka ya 1950, wakati ambapo kampuni ya Nash, mwaka 1954, iliukusanya mtambo mzima mbele ya gari. Na dawa hiyo ikaja na ugonjwa wake. Klachi hiyo ni sahani ya chuma inayovutwa na sumaku ya umeme hadi iumane na puli; sahani ikilika, mwanya huongezeka, na koili ya sumaku ikishapata joto la injini hupungukiwa nguvu, hivyo sahani huachia katikati ya safari na kushika tena mambo yakipoa. Ndiyo maana gari lililosumbua jana mchana hupoza vizuri kabisa likifikishwa gereji asubuhi, na mteja huonekana mzushi bure.

Chanzo kingine cha baridi kukatika na kurudi ni maji. Unyevu uliobaki ndani ya mabomba huganda kwenye tundu jembamba la vali ya upanuzi, mahali ambapo gesi iliyokwisha kuwa kimiminika hupunguziwa shinikizo. Mtambo ukizimwa kwa dakika chache barafu huyeyuka, baridi hurudi, kisha hukatika tena, huku mshale wa geji ya shinikizo dogo ukiporomoka chini ya sifuri.

Tatizo hili la unyevu lilipata uzito mpya baada ya wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland kuonyesha mwaka 1974 kwamba gesi za jamii ya R-12, iliyotumika kupozea magari wakati huo, huhatarisha tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya 1987 kuweka msingi wa kuziondoa. Gesi ya R-134a, iliyochukua nafasi ya R-12 katika magari mapya miaka ya 1990, haichanganyiki na mafuta ya madini yaliyolainisha kompresa za awali, na mafuta ya sintetiki yaliyokuja nayo hunyonya unyevu wa hewa upesi, kiasi kwamba kopo lake halifai kuachwa wazi mezani. Kwa hiyo desturi ya kujaza gesi tu, bila kwanza kuvuta hewa na unyevu kwa pampu ya ombwe na kubadilisha kichujio cha kukaushia, haiponyi kitu: gari hutoka gereji likipoza, na maji yaliyolisumbua yangali mabombani.